Wasomaji Wanauliza: Mupundu wa Marehemu Mama na Haki ya Mti Katika Lupangu

Tangu mwezi wa tisa, jakaranda zilipoanza kuchanua mjini na watu wakaanza kusafisha lupangu zao, yaani viwanja vyao vya nyumba, kabla ya mvua, barua juu ya miti hazikatiki. Huyu anataka kukata, yule anataka kuzuia, mwingine ameamka asubuhi akakuta wa kwake umeshaangushwa. Nimechukua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana ndani yake mna ugomvi ninaouona kila mwaka hapa Lubumbashi: mti mkubwa, kiwanja cha urithi, na ndugu wasiosikilizana.

Salamu Mama. Tuko watoto watano. Baba alitangulia zamani, na Mama alifariki mwaka jana akatuachia lupangu kule Katuba. Nyuma ya nyumba kuna mupundu mkubwa sana. Baba aliukuta pale aliponunua kiwanja, pori lilipokuwa bado karibu, akakataa usikatwe. Sote tumekulia chini yake, na hadi leo watoto wa majirani wanakuja kuokota matunda. Kaka yetu mkubwa anataka kuukata ajenge vyumba vinne vya kupangisha. Anasema yeye ndiye mkubwa, sertifika (hati ya kiwanja) iko mikononi mwake, na mti ulio ndani ya lupangu hauna serikali. Ni kweli? Hakuna sheria inayolinda mti kama huu? — Msomaji wa Katuba

Mwanangu, pole kwa msiba. Kaka yako amesema maneno matatu, nami nitayajibu moja moja, kwa sababu yakitupwa yote kwa pamoja ndipo mdogo hujikuta amenyamaza mbele ya mkubwa wake.

La kwanza ni ukubwa. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema marehemu asipoacha wosia, mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote ndiye anayekabidhiwa kazi ya kusimamia urithi hadi ugawanywe. Hapo kaka yako ana haki. Lakini sheria hiyohiyo inawaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wakigawana sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Msimamizi anahesabu mali, analipa madeni, anawaita ndugu wagawane. Kukata na kujenga kwa faida yake peke yake hakumo katika kazi hiyo. Hadi siku ya kugawana, lupangu ni ya ninyi watano, pamoja na kila kilichoshikamana na udongo wake: nyumba, kisima, ukuta, na mupundu.

La pili ni sertifika. Anayeishika ni mtunzaji wa karatasi tu. Ifungueni mlisome jina lililoandikwa ndani. Kama bado ni la Baba au la Mama, basi karatasi ile inawahusu warithi wao wote.

La tatu, kwamba mti wa lupangu hauna serikali. Sheria ya Ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa nchi hii ni mali ya Serikali, wala hauuzwi milele. Tulicho nacho sisi ni haki ya kuukalia na kuutumia. Nyumba na miti iliyo juu yake ndiyo yetu. Kwa hiyo udongo unaoulisha mupundu wenu una mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyo Serikali ambaye kaka yako anasema hayupo.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe: kuna sheria inayoulinda mti huu? Hapa lazima niseme wazi, hata kama jibu halifurahishi. Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 iliandikwa kwa ajili ya misitu. Inasema misitu ni ya Serikali. Inataka kibali kwa mtu anayefyeka msitu unaozidi hekta 2. Inakataza kufyeka meta 50 kila upande wa mto, na meta 100 kuzunguka chemchemi. Wenye lupangu karibu na mto Lubumbashi au Kafubu walikumbuke hilo. Inatambua misitu ya mijini na bustani za mimea kuwa sehemu za kulindwa. Na juu ya mti wa kijijini au wa shambani, inasema ni wa kijiji au wa mwenye shamba, naye anaweza kumpa mtu mwingine. Humo ndani sikuti mstari unaosema kwamba mti mmoja, kwa umri wake na kwa historia yake, usiguswe hata na mwenye kiwanja. Mkikubaliana ninyi watano kuukata, sheria ya misitu haitawashika mkono.

Ila hata mkikubaliana, shoka lisitangulie komini, yaani ofisi ya serikali ya eneo lenu mjini. Meya wa mji na komini zenyewe wana uwezo wa kutoa amri zao. Nenda serivisi ya mazingira ya komini ya Katuba na barua ya ukurasa mmoja: mti gani, uko wapi, nani anataka kuukata, kwa sababu gani. Acha nakala, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye yako. Jibu pia lidai kwa maandishi. Jibu la mdomo husahaulika siku ya kwanza ya msumeno. Na vyumba vinne haviwezi kuinuka kihalali bila ruhusa ya kujenga. Mchoro unaopelekwa kuombea ruhusa hiyo uonyeshe mti mahali uliposimama, na ninyi wote muwe mmeuona.

Ulinzi wenye nguvu kuliko wote, lakini, mtautengeneza ninyi wenyewe. Iteni mkutano wa familia. Andikeni PV, yaani taarifa rasmi ya mkutano: tumekaa tarehe fulani, tumekubaliana mupundu hautakatwa, na hakuna jengo litakalosogea kuliko meta kadhaa kutoka shinani. Kila mmoja aweke sahihi, na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) awe shahidi. Halafu, siku mtakapogawana lupangu vipande, kipande chenye mti kibebe sharti hilo kwa faida ya vipande vingine. Watu wa ofisi ya ardhi wanaliita servitidi. Konsevateri wa hati za ardhi akiliandika kwenye sertifika, linamfunga hata mgeni atakayenunua kesho bila kujua mama yenu alikuwa nani. Familia hutumia njia hii kwa ajili ya uchochoro wa kupita au bomba la maji. Sioni kwa nini isitumike kwa mti, na ninatamani sana muwe miongoni mwa watakaoonyesha wengine.

Na sasa niseme na kaka yako, maana najua atasoma. Baba, huu si mti wa kukutajirisha. Mbao za mupundu ni ngumu na zina chembe kama mchanga ndani yake, zinakula meno ya msumeno. Mafundi mbao wengi hawazitaki. Utaambulia mifuko ya makala, yaani makaa ya kupikia. Utakachopoteza hakirudi haraka: mbegu yake ni ngumu kuota, na kukua kwake ni kwa polepole. Wazee waliofungua mashamba katika pori letu walikuwa wakiangusha miti mingine yote na kuuacha mupundu, kwa sababu ya matunda, kwa sababu ya kivuli ambacho hakiishi hata katikati ya kiangazi, na kwa sababu ya heshima ya waliotutangulia. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, ndani ya mupundu wa kijiji cha chifu Chitambo, Jacob Wainwright alichonga maandishi mwaka 1873, baada ya moyo wa Livingstone kuzikwa chini yake. Mti ulipoangushwa 1899, kipande chenye maandishi kilisafirishwa hadi London. Baba yako alikuta mti wa aina hiyo Katuba na akauacha. Aliweza kuukata siku ileile.

Tena vyumba vyako vinaweza kujengwa. Chukua futi ya fundi nguo, pima mzingo wa shina kwenye kimo cha meta 1.30, hapo kifuani. Kisha simama chini ya ncha ya matawi, uweke vigingi kuzunguka. Ndani ya duara hilo usichimbe msingi. Mizizi inayoulisha mti iko juujuu, mingi haizidi kimo cha goti, na inatambaa kupita kivuli chenyewe. Ukikata msingi upande mmoja, mti utasimama kiangazi chote ukiwa na afya ya macho tu, na upepo wa mvua za kwanza utauangusha juu ya vyumba hivyohivyo ulivyojenga. Usimwage saruji hadi shinani pia. Maji na hewa vikikosa njia, mti hufa taratibu, na watu husema "umezeeka". Jenga kwa kufuata ukuta wa pembeni, vyumba vitatu badala ya vinne ikibidi. Wapangaji wa Katuba wanalijua jua la mwezi wa kumi chini ya bati. Chumba chenye kivuli hakikai wazi.

Mama, mimi ni mzee wa Makomeno. Mtoto wangu anaishi London, amenunua nyumba yenye mti mkubwa mbele. Ametaka kuukata, halmashauri imemkatalia, na wamemwambia akiukata atapelekwa mahakamani. Nyumba ni yake, anailipia benki kila mwezi. Hii si dhuluma? — Baba mwenye uchungu

Papa, nakuelewa uchungu wako, lakini mimi niko upande wa halmashauri.

Uingereza wana kitu ambacho sisi hatuna, na ndicho msomaji wa Katuba alikuwa anakitafuta. Chini ya sheria yao ya mipango miji ya mwaka 1990, halmashauri ya mahali inaweza kutoa amri ya kuulinda mti kwa faida ya watu wanaouona na kuishi karibu nao. Amri inaweza kushika mti mmoja, kundi la miti, au kipande cha msitu, na haijali kama uko barabarani au kwenye ua wa mtu. Ukishaandikwa, ni kosa kuukata, kuufupisha, kuupunguza matawi, kuung'oa au kuuharibu makusudi bila idhini. Amri inafuata kiwanja: nyumba ikiuzwa, mnunuzi anairithi. Mti unabaki wa mwenye nyumba, na kuutunza ni juu yake.

Lakini mtoto wako hajafungiwa mlango. Anaweza kujaza maombi akieleza kazi anayotaka kufanya na sababu yake, hata kama ni kupunguza matawi tu badala ya kukata wote. Halmashauri kwa kawaida inatakiwa kuamua ndani ya wiki 8. Ikikataa, au ikimpa masharti asiyoyakubali, anaweza kukata rufaa. Matawi yaliyokufa anaweza kuyaondoa. Mti ukiwa hatari ya papo hapo, anaruhusiwa kufanya kazi ile tu inayoondoa hatari, na apige picha kabla, kwa sababu ataulizwa. Na kama nyumba iko katika mtaa uliohifadhiwa kwa historia yake, hata mti usio na amri, ukizidi unene wa milimita 75 kwenye kimo cha meta 1.5, lazima atoe taarifa wiki 6 kabla. Huko nako akipuuza, mahakama inaweza kumtoza faini isiyo na kikomo na kumlazimisha apande mwingine mahali palepale. Mwambie apige simu kwa ofisi ya miti ya halmashauri yake kabla hajamwita mtu wa msumeno.

Wala tusifikiri ni mambo ya Ulaya tu. Afrika Kusini, ambako nusu ya wafanyabiashara wetu wana ndugu, sheria ya misitu ya 1998 inampa waziri uwezo wa kutangaza mti mmoja, kundi, au aina nzima kuwa ya kulindwa. Mbuyu na marula imo kwenye orodha. Hukati, huharibu, huhamishi bila leseni, hata kama mbuyu umesimama katikati ya shamba lako mwenyewe. Wana hata daraja la miti mashuhuri, inayochaguliwa kwa ukubwa, umri au historia yake.

Nairobi nao mwaka 2020 walikuwa na mugumo, aina ya mtini, wa zaidi ya miaka mia pale Waiyaki Way, njiani mwa barabara mpya ya magari. Watu walipiga kelele, na mwezi wa kumi na moja ikatangazwa kwa amri ya rais kwamba mugumo hautaguswa. Nilifurahi kama ndugu yangu aliyetoka hospitali. Kisha nikafikiri juu ya miti mingine iliyokatwa kando ya njia hiyohiyo. Mti haufai kumngoja rais ili uishi; unafaa uwe tayari umeandikwa kwenye orodha.

Na hapo ndipo ninapotaka tufike sisi. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliupa mji na komini mamlaka juu ya mambo ya mahali. Mwezi wa Desemba 2023 tulipiga kura kuchagua madiwani wa komini. Kwa nini komini ya Lubumbashi isianze na daftari moja? Mti, avenue, namba ya lupangu, mzingo wa shina, jina la mwenye kiwanja, sahihi yake. Mwenye mti apunguziwe kitu kidogo kwenye kodi, maana anatunza kivuli cha mtaa mzima. Na anayetaka kukata aje aombe kwanza, ajibiwe ndani ya muda unaojulikana. Muda huo ni wa lazima. Ruhusa isiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa mlango wa hongo, na watu wataanza kukata usiku. Kila tarehe 5 Desemba tunaadhimisha siku ya taifa ya mti kwa kupanda miche na kupiga picha. Ningependa mwaka huu meya na maburgumesta (wakuu wa komini) washike futi badala ya jembe, wapite wakipima ile ambayo tayari imesimama.

Jirani yangu hapa Kampemba anachukia mwembe wangu kwa sababu majani yanaanguka kwake. Mwezi uliopita alichuna gome upande wa ukuta wake na kumwaga mafuta machafu ya gari kwenye mizizi. Nifanye nini? Mti utapona? — Mama wa Kampemba

Dada, uliponiita nilikuja, na nitawaambia wasomaji nilichokiona. Mwembe umeegemea ukuta, nusu ya taji yake iko kwa jirani. Gome limetolewa kwa panga, kutoka kimo cha kiuno hadi begani, mbao nyeupe imeanza kugeuka kahawia, na utomvu umekauka pembeni kama nta. Sisimizi wameshaingia. Chini, udongo ni mweusi na unanuka gereji. Lakini nilipozunguka upande wako, gome lilikuwa zima, zaidi ya nusu ya mzingo. Hilo ndilo lililonipa moyo.

Chakula cha mti kinashuka kutoka majani kwenda mizizi kupitia tabaka jembamba lililo ndani ya gome. Likikatwa duara zima, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Likibaki nusu, unaweza kupona. Chukua kisu kikali, safisha ukingo wa kidonda hadi kwenye gome lililoshikamana vizuri, kisha uache hewa ikikaushe. Usipake saruji, usipake rangi, usipake matope. Unyevu unaofungiwa humo ndio unaoleta kuoza. Udongo wenye mafuta uchimbe kwa uangalifu bila kukata mizizi minene, uutoe kabisa katika lupangu, ujaze udongo safi uliochanganywa na mboji. Hadi mvua zishike vizuri, umwagilie maji mengi mara moja kwa wiki, na si kikombe kila siku.

Juu ya jirani: Sheria ya Adhabu ya nchi inamwadhibu mtu anayeharibu makusudi mti wa mwenzake, sawasawa na anayeharibu mazao yake. Piga picha zenye tarehe. Nenda kwa shefu wa kartie, iandikwe PV, jirani aitwe. Mara nyingi inaishia hapo. Asipokuja, au akirudia, peleka faili mahakama ya amani.

Nami nakuomba jambo moja. Mavuno yakiisha, lipia fundi apunguze tawi lile linalokaa juu ya bati lake, na siku za majani mengi mtume kijana akafagie kwake. Mwembe ni wako, na takataka zake pia ni zako. Ukija mahakamani na hilo umelifanya, utasikilizwa vizuri zaidi.

Nina mikula mitatu, ile miti ya mbao nyekundu, shambani mwangu, njia ya Kasenga. Mtu wa magogo amekuja na pesa. Shamba ni langu, naweza kuuza? — Mkulima

Sheria ya 2002 inakupa haki juu ya mti wa shambani mwako. Lakini mnunuzi wa mukula hanunui kwa ajili ya meza ya Lubumbashi. Tangu 2019 mukula uko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, Kiambata cha Pili, na gogo haliwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali chake. Mwombe huyo mtu akuonyeshe kibali cha kukata na cha kusafirisha kabla hujapokea hata faranga moja. Akianza kuzungukazunguka, mfukuze. Lori likikamatwa, yeye hataonekana, na shina litakuwa bado liko kwako likielekeza.

Jakaranda yetu ya zamani, komini ya Kenya, imeanza kuinama juu ya nyaya za umeme. Mwanangu anapenda miti kama wewe na anakataa isikatwe. Mimi naogopa mvua. — Mama wa Kenya

Mama, uoga wako una haki, na kupenda mti si kuuacha uue watu. Hata kule London niliposema mti usiguswe, hatari ya papo hapo ina mlango wake.

Lakini kwanza tujue kama kweli ni hatari. Mti uliokulia ukiwa umeinama unaweza kuishi hivyo hadi uzee. Ulioanza kuinama juzi ni habari nyingine. Nenda upande ambao mti unaupa mgongo, utazame udongo shinani: kama umepasuka au umeinuka, mizizi inaachia. Tafuta uyoga kwenye shina na juu ya mizizi. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini. Sauti ikigeuka kuwa ya ngoma, ndani ni tupu. Angalia pia kama matawi ya upande mmoja yamekauka bila majani wakati mengine yanachanua.

Ukikuta ufa kwenye udongo, usingoje jibu la barua. Mwite shefu wa kartie ashuhudie, piga picha, watoto wasilale kwenye chumba cha upande ule, na mti ushushwe. Usipokuta dalili hizo, mwanao ameshinda nusu: kupunguza matawi ya upande mzito kutatosha, kidogo mwaka huu na kidogo mwaka ujao, bila kukata kichwa cha mti.

Kwa njia yoyote ile, mtu asipande na panga huku nyaya zina umeme. Tawi bichi linapitisha umeme, na kamba iliyolowa pia. Nenda ofisi ya SNEL, shirika la umeme, ya mtaa wenu, waombe waje wakate laini kwa saa za kazi, mpatane siku. Fundi aanze baada ya wao kuthibitisha wenyewe, wakiwa wamesimama hapo, kwamba laini imekufa.